Nimenawa, Mama, Kando ya Mto wa Ugenini

Edmonton, Kanada
Jumapili jioni, mwezi wa tisa

Mama yangu,

Wasibire, Mama. Nakusalimu kwanza kwa Kikonzo ili usiseme nimekisahau, halafu naendelea kwa Kiswahili cha kwetu, kile cha soko la Mpondwe mlikokutana wewe na baba, na ambacho sote tumekulia. Mguu unaendeleaje? Dada Masika aliniambia umeanza tena kuvimba, na kwamba dawa unakunywa siku unayotaka wewe. Hilo tutagombana baadaye. Mvua je, inawaacha mwanike kitu? Na kikohozi cha baba mdogo? Mimi mwili ni mzima. Nakula, nafanya kazi, usingizi ndio kidogo.

Masika, najua ni wewe unayesoma. Kaa karibu na Mama, soma polepole, wala usiruke mstari hata mmoja, hata ule utakaokukasirisha. Naijua tabia yako ya kuruka mahali unapoona Mama atalia. Leo mwache alie.

Naandika kwa sababu kwenye simu mimi ni mwongo. Mtandao wa huko kwetu Karambi unakatika, na kila ukikatika mimi nashukuru. Unaniuliza, "Baluku, ulisha nawa?" Najibu, "Mama, sikusikii, sema tena," na kumbe nakusikia vizuri kabisa, hata jogoo wa jirani namsikia. Ndiyo maana nimenunua karatasi. Kuna mtu wa Kasese anayesafiri wiki hii, ataifikisha mpaka mjini, na Hajji, jirani yetu, atawaletea kwa lori lake akija Bwera.

Ni miezi minane sasa tangu mmzike baba. Miezi minane jembe lake limechomekwa pale juu, chini ya bati la jikoni, na shamba lake la kahawa halijaguswa, kwa sababu ukoo wetu haushiki jembe la marehemu mpaka watoto wake wote wawe wamenawa. Masika alinawa siku ya nne. Bwambale mdogo wangu alinawa siku ya nne. Mlishuka wote mtoni, mkanyolewa, mkarudi nyumbani mkanywa uji. Nimebaki mimi, mtoto wa kwanza. Najua magugu yamefika kiunoni. Najua unapita kando ya shamba lako mwenyewe ukienda kuomba kipande cha kulima kwa jirani, na kwamba unatazama upande mwingine ukipita. Na neno la baba mdogo nimelisikia: kahawa ikianza kuiva na mimi bado, Bwambale atanawa mara ya pili kwa niaba yangu, na tangu siku hiyo yeye ndiye atakayesimama mahali pa mtoto wa kwanza katika mambo yote ya ukoo. Simlaumu baba mdogo. Shamba haliwezi kumngoja mtu aliyejichimbia ng'ambo.

Sababu niliyokupa ilikuwa nzuri, na mimi mwenyewe niliipenda. Mtu hajimwagii maji mwenyewe. Anayemmwagia asiwe ndugu yake. Na yule aliyekosa mazishi kuna swali lazima aulizwe kwanza, na swali hilo liulizwe kwa lugha ambayo marehemu angeielewa, na jibu lisemwe kwa sauti mbele ya maji. Akidanganya, maji yanapita tu juu ya ngozi. Nikakwambia, Mama, huku niko peke yangu, nani ataniuliza kwa Kikonzo au kwa Kiswahili? Rafiki yangu wa pekee ni Ramon, Mfilipino, tunakunja naye mashuka ya hoteli kwenye dobi kubwa, yeye anashika pembe mbili na mimi mbili, siku nzima tunasogeleana na kuachana. Nilipomweleza habari hii alikubali pale pale, hata ndoo akaahidi kuleta. Lakini Ramon akiuliza kwa lugha yake, baba atajuaje kwamba ni yeye anayezungumziwa? Ukasema, "Basi, mutoto yangu, tafuta. Mungu hawezi kosa kukupatia mutu." Siku ile niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Kwa nini, nitakwambia, lakini niache nifike huko kwa miguu yangu.

Nikueleze kwanza bustani, kwa sababu kila kitu kimetokea huko.

Mji huu umepasuliwa katikati na mto. Si mto kama Lhubiriha wetu, unaoshuka mlimani ukigombana na mawe. Huu ni mpana, una rangi ya chai ya maziwa kidogo, unapita bila kusema kitu, ukikaa karibu nao unasikia baiskeli za watu zaidi kuliko maji. Kando zake zote mbili wameacha msitu. Hawakujenga, Mama. Ardhi nzuri vile, katikati ya mji, wameiachia miti, njia za kutembea na viwanja vya majani, wakasema ni ya watu wote kupumzikia. Unaweza kutembea asubuhi mpaka mchana usiifikie mwisho wake. Mara ya kwanza nilitafuta geti. Nilizunguka nusu saa nikitafuta mahali pa kulipia na askari wa kuniuliza ninakwenda wapi. Hakuna.

Na kuna maajabu ya kuni. Mji wenyewe unaleta kuni zilizopasuliwa, unazirundika kando ya mahali pa kuchomea nyama, na yeyote anayekuja achukue awashe moto. Nikamkumbuka mume wa shangazi wa Hamukungu, jinsi alivyolala mahabusu kwa mzigo mmoja wa kuni alioutoa porini ndani ya hifadhi, na shangazi akaenda na sufuria ya chakula kumtazama. Wiki tatu za kwanza sikugusa hata kijiti. Nilikuwa napita karibu na rundo lile mikono nyuma, kama mtu anayepita mbele ya polisi.

Watu huku wanatembeza mbwa. Mbwa wamevaa makoti, Bwambale asinibishie, nimewaona. Wapo wanaokimbia bila kukimbizwa na mtu, wazee na uzee wao, wanahema, wanatokwa jasho, halafu wanageuka na kukimbia kurudi walikotoka. Kuna bata wakubwa wa porini wanaovuka njia kwa maringo, magari ya wafanyakazi yanasimama kuwangoja. Kuna miti iliyotafunwa chini na mnyama fulani wa majini mpaka ikaanguka yenyewe. Sasa hivi majani yameanza kuwa manjano, yote kwa pamoja, na yanadondoka hata bila upepo.

Kitu kilichonishika zaidi ni mabenchi. Kila benchi lina kibati kidogo kilichoandikwa jina la mtu aliyekufa, na neno fupi: alipenda mto huu, alipenda kukaa hapa. Familia inamwekea marehemu wao kiti, na wageni wanakikalia. Mimi nimeshawakalia wengi. Nikikaa nasoma jina, namsalimu mwenye kiti kwa Kiswahili, nasema samahani nakaa kidogo. Usicheke. Kuna Jumapili nilizungumza na majina ya kwenye mabenchi zaidi kuliko nilivyozungumza na watu wenye pumzi.

Maana Jumapili ndiyo siku ngumu, Mama. Siku za kazi mashine zinapiga kelele, huwezi kujisikia. Jumapili chumba kinanyamaza. Ninapika wali mdogo, ninakula nimesimama, ninaosha sahani moja na kijiko kimoja, na saa bado ni tano ya asubuhi. Basi naenda bustanini. Watu wamekuja kumi kumi, wametandika mablanketi, wanarushiana mpira. Wananipungia mkono, wananiambia siku njema, na wanamaanisha. Hakuna hata mmoja aliyenifanyia ubaya. Lakini siku njema ni maneno mawili tu, yakiisha umeachwa pale pale na mikono yako.

Leo nilifika mapema kuliko kawaida. Jua lilikuwa zuri, lile jua la huku linaloangaza bila kuchoma. Nilikuwa nakaribia rundo la kuni niliposikia mwanamke anagombana. Nilidhani anagombana na mumewe. Kumbe anagombana na moto.

"Kuni gani hii!" alikuwa anasema. "Iko na mayi mingi ndani, inalia tu, haiwaki! Kwetu kuni sawa hii hata mbuzi hawezi lala juu yake!"

Miguu yangu ikagoma, Mama. Ilikuwa ni wewe jikoni, siku za mvua. Sauti si yako, lakini maneno yalikuwa yamepita njia ile ile.

Sasa sikiliza kitu ambacho sikuwahi kukwambia. Hii haikuwa mara ya kwanza kusikia Kiswahili katika mji huu. Wakongo ni wengi hapa. Nimekisikia kwenye basi, nimekisikia dukani, nimekisikia mara nyingi sana. Na kila nilipokisikia nilihama kiti, au nikashuka kituo kimoja mapema na kutembea. Nilikwambia hakuna mtu wa kuniuliza. Watu walikuwepo. Niliyekuwa simtaki ni swali. Ndiyo maana uliponiambia Mungu hatakosa kunipa mtu, aibu ilinishika, kwa sababu Mungu alikuwa amenipa watu kumi na mimi nilikuwa nawakimbia wote.

Na leo pia nilikuwa tayari nimegeuka. Lakini yule mama alinyanyua kichwa akaniona nimesimama, mtu mweusi peke yake na mfuko wa plastiki, akaniita kwa Kiswahili bila hata kujaribu lugha nyingine kwanza.

"Weye papa! Unatazama tu? Kuya unisaidie kupuliza huu moto, miye pumuzi imeisha."

Nikaenda. Ungefanyaje? Nilipiga magoti nikapuliza. Moto ukakubali. Akaniuliza natoka wapi, nikasema Uganda. Akasema Uganda ni kubwa. Nikasema Bwera, upande wa Karambi. Akaupiga mkono wangu kwa nguvu mpaka nikaacha kijiti.

"Bwera! Miye niko wa Kasindi! Mutu wa Kongo, ng'ambo ya daraja ya mupaka! Nilikuwa navuka kila siku ya soko, nauzisha chumvi ya Kabatoro ku Mpondwe, ndani ya jua, na mutoto mu mugongo. Na weye unapita hapa kimya sawa mwizi?"

Anaitwa Kavira. Umri wake ni hamsini na kitu, kitambaa cha manjano kichwani, anafanya usafi kwenye shule moja. Alikuja na wenzake wa kanisa, ambao walikuwa wametangulia uwanjani kucheza mpira na kumwachia moto. Alinipa kuku, akanipa ndizi, na akanipa sombe ya majani ya muhogo, aliyoipika kwa mawese kama yako, ila chumvi ilikuwa nyingi. Sikumwambia. Nilipotafuna ile sombe niliweka sahani chini nikainamisha kichwa. Akanitazama. Hakuniuliza nina nini. Aliniuliza nani amekufa.

Nikamweleza. Nilimweleza jembe, na shamba, na neno la baba mdogo, na kahawa inayokaribia kuiva. Nikamwomba animwagie maji. Sijui nilipata wapi ujasiri; nadhani ni kwa sababu mdomo ulikuwa tayari umefunguka.

Akafuta mikono yake kwenye kitenge muda mrefu.

"Ile mambo ninaijua," akasema. "Kwetu pia wazee walikuwa wanafanya. Lakini miye niko mutu wa kanisa. Sitaki mambo ya mizimu."

"Si mizimu, mama. Ni maji na swali tu."

"Swali ndiyo inaniogopesha," akasema. "Bon. Nitaomba kwanza kwa Mungu, kisha nitamwanga mayi. Pasta akiuliza, weye ndiye utamujibu."

Tukashuka mtoni wawili. Kuna mahali ng'ambo kidogo ya daraja la waendao kwa miguu ambapo mawe yanaingia majini, hapana kina. Alibeba kikombe cha bati alichokuwa ananywea chai na mkasi wa kukatia kuku, ameuosha. Nilivua viatu nikasimama majini mpaka vifundoni. Mama, maji yale ni baridi! Si baridi ya kwetu ya asubuhi. Ni baridi inayopanda kwenye mfupa na kukaa humo. Kavira aliomba, akaomba kwa kirefu, akamtaja baba kama vile alimfahamu. Kisha akachota maji, akainua kikombe juu ya kichwa changu, na akauliza kama inavyotakiwa.

"Siku baba yako aliingia mu udongo, weye ulikuwa wapi?"

Nikasema, "Nilikuwa huku, kazini. Bosi alikataa kunipa ruhusa."

Maji hayakuja. Nikangoja. Nikainua macho, kikombe kiko pale pale.

"Unasema na viatu vyako," Kavira akasema. "Mutu anayesema ukweli hatazami viatu. Mukono yangu itachoka, na hii mayi iko baridi. Sema."

Masika, soma hapa vizuri.

Mama, bosi hakukataa. Alinipa wiki mbili siku ile ile, akanishika bega. Pasipoti ilikuwa nzima, tiketi nilikuwa nayo. Nilifunga begi. Alhamisi nilipanda basi la kwenda uwanja wa ndege, na katikati ya njia nilibonyeza kengele nikashuka, nikavuka barabara, nikangoja basi la kurudi. Hakuna aliyenizuia. Bwambale alipopiga kuuliza kama wanisubiri, nilimwambia bosi amekataa, wazike. Mlizika Jumamosi. Saa za huku ziko nyuma yenu, kwa hiyo palipopambazuka hapa ninyi mlikuwa mmekwisha kurudi kutoka kaburini. Nilishindwa kukaa chumbani. Nikaja hapa bustanini.

Ulikuwa mwezi wa kwanza, theluji kila mahali, mto umeganda, watu wanatembea juu yake. Kuna mteremko ambao watu wanauteleza wakiwa wamekalia vibao vya plastiki. Nilisimama chini nikiwatazama. Bibi mmoja mzee, mwenye wajukuu zake, aliona nimesimama peke yangu, akanipa kibao chake kwa ishara: jaribu. Nikapanda juu. Nikakaa. Nikateleza. Mama, nilicheka. Nilipiga kelele kama kichaa, nikaanguka, theluji ikaingia shingoni, nikapanda tena. Niliteleza mara nne, labda tano. Kwa muda wa saa nzima, siku mliyomfukia baba, mwanao wa kwanza alikuwa anacheza, na alifurahi. Hilo ndilo nililolificha. Kukosa mazishi ningeweza kulieleza. Lile la kufurahi sikujua nilieleze vipi.

Na kwa nini nilishuka kwenye basi? Nimejiuliza miezi minane. Baba alinipigia mara tatu mwaka jana, unajua, akisema njoo nikuone, nami nikasema mwaka kesho, baba. Nikiwa kwenye basi lile nilimwona bado anapekua redio yake asubuhi, akiitukana, akiipiga ubavuni. Nilijua nikifika Karambi nitakuta redio imezimwa. Nikishuka kwenye basi, redio inaendelea. Ndivyo nilivyofikiri, mtu mzima na ndevu zake. Nilikuwa mwoga, Mama, hakuna jina jingine.

Haya yote niliyasema kwa sauti, nimesimama majini, meno yanagongana. Watu wawili wenye baiskeli walisimama darajani kututazama, kisha wakaendelea. Kavira hakusema pole, na hakunilaumu. Alinimwagia kikombe cha kwanza, kichwani. Cha pili usoni. Cha tatu kwenye mikono yote miwili. Halafu akachukua mkasi akakata shungi moja mbele, akaliachia maji, akasema nywele zilizobaki ni kazi ya kinyozi, yeye hakuja kufungua saluni.

Nililia pale. Sikuwa nimelia tangu mwezi wa kwanza, na leo nililia mpaka nikashika bega la mwanamke nisiyemjua ili nisianguke kwenye mto.

Kisha akasema lile neno la mwisho, ambalo nilikuwa nimelisahau kabisa. "Haya, umenawa. Enda kwenu. Usigeuke nyuma."

Na unajua jinsi inavyokuwa nyumbani. Ukiambiwa hivyo unapanda kilima, na pale juu moshi unaonekana, na mtu amesimama mlangoni na kibuyu cha uji, na wakikuona wanasema, amefika. Mimi nilivaa viatu nikaanza kwenda. Niliacha mto nyuma, nikapita kwenye mabenchi, nikapita kwenye blanketi za watu. Sikugeuka hata nilipomsikia Kavira akiita wenzake waje kula. Nilipanda basi nikakaa nikitazama mbele, maji yananidondoka shingoni. Nikapanda ngazi za jengo letu. Nikafungua mlango. Chumba kilikuwa kama nilivyokiacha, sahani moja, kijiko kimoja. Hakuna aliyesema amefika. Basi nikasema mimi mwenyewe, kwa sauti, "Nimefika." Nikasimama nikingoja, sijui nangoja nini. Nilikaa kitandani, nikachukua kalamu, na ndiyo hii unayosomewa.

Kavira ameniandikia namba yake na amesema Jumapili nyingine nilete kuni kavu. Nitaenda. Ila usidhani kila kitu kimepona kwa siku moja, Mama. Upweke haunawi ukaisha.

Sasa umejua kila kitu, na uamuzi ni wako. Si wa baba mdogo, wala si wangu. Nilinawa kwa haki: si ndugu yangu aliyenimwagia, swali liliulizwa kwa lugha ya baba, na jibu lilikuwa kweli. Lakini jibu lenyewe ndilo hilo. Ukiona yale maji yametosha kwa mtu aliyefanya nilichofanya, mwambie Bwambale alishushe jembe, uingie shambani kwako. Ukiona hayakutosha, mwache Bwambale anawe badala yangu na asimame mahali pangu. Amekuwa akisimama hapo tangu Januari hata bila kuambiwa, na hajanisema vibaya hata siku moja. Sitakasirika. Nitakasirika tu ukiendelea kuomba shamba kwa majirani kwa sababu ya kunionea huruma.

Mnisalimie baba mdogo, mkubwa wetu wa sasa, na mwambieni neno lake lilikuwa la haki. Msalimieni shangazi wa Hamukungu, na mumewe pia, na mwambieni kwamba kuni za huku ni za bure na zimenikumbusha mgongo wake. Msalimieni Hajji wa malori, jirani yetu, namwomba radhi kwa kumfanya tarishi. Bwambale, mdogo wangu, kwako sina salamu, nina shukrani. Masika, dada yangu, ahsante kwa kusoma mpaka hapa. Najua sauti yako imekauka, kunywa maji.

Nina ombi moja tu. Siku jembe litakaposhikwa, liwe mkononi mwa nani, sitauliza. Masika anipigie simu asubuhi ile, na asiniambie kitu, asiniite jina. Aiweke tu simu chini, kwenye udongo wa shamba la baba, aiache hapo mpaka mtandao ukatike. Huku patakuwa usiku na mimi nitakuwa macho. Nataka nisikie jembe likiingia.

Mwanao,
Baluku